Mkono wa serikali katika kuenea kwa intaneti Kenya

Soko la intaneti nchini Kenya lilianza chini ya ukiritimba. Mwaka 1999, baada ya kupitishwa Sheria ya Mawasiliano ya 1998, lile shirika kongwe la posta na simu liligawanywa, zikazaliwa Telkom Kenya, Shirika la Posta na tume ya udhibiti, CCK. Telkom ilipewa miaka mitano ya kuwa njia pekee ya kuunganisha nchi na ulimwengu. Kampuni nyingine ziliruhusiwa kuuza intaneti kwa wateja, lakini nafasi ya kupitisha data nje ya nchi zilikuwa hazina budi kuinunua kwa Telkom.

Hasara ya mpango huo ilidhihirika katika mkasa wa kituo cha kubadilishana data cha KIXP. Barua pepe iliyotoka kwa mteja wa kampuni moja jijini Nairobi kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine, hata kama ofisi zao zilitazamana, ilipanda kwenye setilaiti, ikafika Marekani au Ulaya, kisha ikarudi, na safari yote hiyo ililipiwa. Mwishoni mwa mwaka 2000 watoa huduma walifungua KIXP ili data ibadilishwe papo hapo Nairobi. Telkom ikalalamika kwamba haki yake imevunjwa, na baada ya muda mfupi CCK ikakifunga. Kilirejea mwaka 2002, safari hii kikiwa na leseni. Teknolojia ilikuwepo na wenye mtaji walikuwepo. Kilichokosekana ni idhini.

Ukiritimba ulikoma mwaka 2004, lakini Kenya bado haikuwa na mkongo wa baharini. Mazungumzo ya EASSy, mradi wa nchi nyingi, yalipozidi kujivuta, serikali ya Rais Mwai Kibaki haikusubiri. Ilianzisha mkongo wa TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, hadi Mombasa, kwa ubia na Etisalat na kampuni za simu za hapa nchini. Bitange Ndemo, aliyekuwa katibu wa kudumu wa wizara ya habari na mawasiliano, ndiye aliyeusukuma. Ulifika Mombasa Juni 2009. SEACOM, mkongo wa sekta binafsi, ukaanza kufanya kazi mwezi uliofuata, na EASSy mwaka 2010. Bei ya jumla ya data ilishuka sana, na nchi zisizo na bahari kama Uganda na Rwanda nazo zikanufaika kupitia Mombasa. Kwa kipimo chochote, kuanzisha TEAMS ndio uamuzi wa sera uliozaa matunda mengi kuliko yote.

Kutoka Mombasa kwenda bara, serikali ilitandaza faiba ya mradi wa NOFBI, ambao awamu yake ya kwanza ilizidi kilomita 4,000. Kwa maeneo ambayo biashara haioni faida, marekebisho ya sheria ya mwaka 2009 yalianzisha Mfuko wa Huduma kwa Wote, unaochangiwa na wenye leseni za mawasiliano. Fedha zake zimejenga minara katika maeneo yaliyokuwa hayana mtandao na kuunganisha mamia ya shule za sekondari za umma.

Kodi ndipo mkono unaotoa unapokutana na mkono unaochukua. Mwaka 2009 simu za mkononi ziliondolewa kodi ya ongezeko la thamani, jambo lililomsaidia mnunuzi wa simu ya kwanza. Mwaka 2013 kodi hiyo ikarudishwa. Mwaka 2018 ushuru wa asilimia 15 uliwekwa kwenye data, ukapandishwa hadi 20 mwaka 2021, kisha ukarudishwa hadi 15 mwaka 2023. Juu ya ushuru huo huongezwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Kwa hiyo bando ambalo kampuni inalithamini kwa shilingi 100 humfikia mteja kwa shilingi 133 na senti 40. Mwenye mshahara mnono hulipa bila kuhisi. Mama mboga anayenunua bando la siku hulipa kiwango hichohicho, na akiwa katika eneo la pembezoni, ni mtu kama yeye ambaye Mfuko wa Huduma kwa Wote ulianzishwa ili kumfikia. Bunge lina uwezo wa kuondoa mgongano huo kwa kupunguza ushuru wa data na kurejesha msamaha wa kodi kwa simu za bei nafuu, na linapaswa kufanya hivyo.