Mbona Mkoko wa Dabaso Hukunywa Bahari na Wewe Huwezi?

Kama ushawahi kufika Mida Creek pale Dabaso, stori unaijua. Unapita ile njia ya mbao katikati ya mikoko, unafika Crab Shack, unaagiza sambusa za kaa, unapiga selfi jua likizama. Halafu unarudi keja bila kuuliza swali moja rahisi: hii miti hukunywa nini?

Maji yenye imeizunguka ni ya bahari. Lita moja ina karibu gramu 35 za chumvi. Mwagia sukumawiki ya mathee hiyo maji uone kama haitanyauka. Wewe nawe ukiigida, kiu itazidi. Lakini mkoko umetulia tu, kijani, hauna presha.

Siri iko kwa seli. Usijali, mimi mwenyewe college niliiachia njiani, so kama nimeelewa, utaelewa.

Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Ichukulie kama ploti yenye ukuta na geti. Oksijeni inapenya ukutani hivyo tu, kutoka penye iko mob kwenda penye ni kidogo, vile harufu ya viazi karai hutoka kwa jirani ikakupata kitandani. Chumvi na sukari haziwezi hiyo. Lazima zipitie geti, na soja anachagua nani aingie. Maji nayo ina vimilango vyake spesheli vinaitwa akwaporini. Peter Agre wa Marekani alishinda Nobel mwaka wa 2003 kwa kuvigundua.

Sasa shika hii moja: maji hufuata chumvi. Penye chumvi imejaa, maji inavuka utando kuifuata. Hiyo ndiyo osmosisi. Ukitia vitunguu vya kachumbari chumvi, si baada ya muda bakuli linakuwa na maji? Ni hiyo hiyo. Ukinywa bahari, damu inajaa chumvi, maji inatoka kwa seli zako. Figo nazo haziwezi kutengeneza mkojo wenye chumvi kushinda bahari, so unakojoa maji mingi kuliko yenye ulikunywa. Hasara tupu.

Mkoko, ule wa mizizi kama miguu ya buibui, huchuja chumvi hapo chini kwa mizizi. Majani yakipoteza maji juani, yanavuta mengine kutoka chini kwa nguvu, na chumvi nyingi inabaki nje ya geti. Jirani yake mchu, ule wa vimizizi kama penseli zimechomoza kwa matope, una mbinu ya ziada: chumvi yenye imepenya inatolewa na vitezi vya majani. Ramba jani lake utaamini. Lakini kusukuma chumvi hivyo ni kama kupandisha mkokoteni mlima. Seli lazima itumie nguvu.

Kwani hii inakuhusu aje? Fikiria mtoi amepata kipindupindu. Sumu ya vile viini inafanya seli za utumbo zimwage chumvi nje. Na maji hufanya nini? Hufuata chumvi. Ndio maana mtoi anakauka mbio hivyo, na kumpa maji matupu hakutoshi.

Lakini kuna geti moja ambayo ule ugonjwa hauifungi: ile hufunguka sodiamu ya chumvi na sukari zikikuja pamoja. Zikiingia, maji inazifuata ndani. Mwaka wa 1971, daktari Dilip Mahalanabis alitumia mchanganyiko huo kwa kambi ya wakimbizi wa Bangladesh huko India, drip zikiwa zimeisha. Vifo vilishuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4.

Hiyo ndiyo ORS. Pakiti iko duka la dawa na kituo cha afya. Ukikosa kabisa, chukua lita 1 ya maji safi yenye imechemshwa ikapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, si kilima. Mpe kidogo kidogo. Usikadirie kwa macho: ukizidisha chumvi, umemtengenezea bahari ndogo. Na madafu, hata kama sisi wa Pwani tunayapenda, hayachukui nafasi ya ORS, juu sodiamu yake ni kidogo.

Macho yakiingia ndani, akilegea ama akishindwa kunywa, usingoje asubuhi. Panda boda, peleka hosi, ukimnywesha njiani kama bado anaweza kumeza.

Tuma hii kwa grupu ya WhatsApp ya familia. Si kila siku ni udaku.