Gofu ya Kulipwa Chini ya Tiger Woods

Katika gofu ya kulipwa, kushindwa ndiyo hali ya kawaida. Shindano la PGA Tour, msururu mkuu wa mashindano nchini Marekani, kwa desturi huanza Alhamisi na wachezaji wapatao 150. Baada ya raundi mbili karibu nusu yao huondolewa na mchujo; waliobaki hucheza Jumamosi na Jumapili, na anayemaliza mashimo 72 kwa mikwaju michache kuliko wote hutwaa kombe. Hakuna anayemkaba mwenzake. Kila mtu hupambana na uwanja, upepo na mikono yake mwenyewe, na bahati ndogo ya mpira kudunda kushoto badala ya kulia inaweza kuamua wiki nzima. Kwa hiyo mchezaji hodari anaweza kumaliza mwaka bila kombe hata moja na bado akahesabiwa miongoni mwa walio bora duniani. Bingwa anayeshinda mfululizo huvuruga utaratibu huo, na mvurugo wake hufika mbali kuliko ubao wa matokeo.

Tiger Woods aliingia katika gofu ya kulipwa Agosti 1996, akiwa na umri wa miaka 20. Ushindi wake 82 wa PGA Tour, idadi sawa na ya gwiji wa zamani Sam Snead, ni zaidi ya shindano moja katika kila matano aliyocheza. Mwaka 2000 alishinda 9 kati ya 20. Katika US Open ya mwaka huo, kwenye uwanja wa Pebble Beach ulio kando ya bahari California, waliomfuata walikuwa nyuma kwa mikwaju 15. Aprili 2001, aliposhinda Masters, alikuwa anashikilia kwa wakati mmoja mataji yote manne makuu. Hata wiki zake mbaya hazikuwa mbaya sana: tangu 1998 hadi 2005 alipita mchujo mara 142 bila kukosa.

Badiliko la kwanza lilikuwa la fedha, na liliwanufaisha zaidi wale aliokuwa akiwashinda. Masters ya Aprili 1997, aliyoshinda kwa tofauti ya mikwaju 12 akiwa na miaka 21, ilitazamwa Marekani na watu wengi wasiowahi kufuatilia gofu. Vituo vya televisheni vilielewa haraka. Mkataba wa matangazo uliofuata, ulioanza kutumika 1999, ulikuwa mnono kupita wowote uliotangulia, na fedha hizo ziliingia moja kwa moja katika zawadi. Mwaka 1996 zawadi zote za PGA Tour zilikuwa karibu dola milioni 70. Kabla ya mwaka 2008 kwisha zilikuwa zimevuka milioni 250.

Zawadi za gofu hugawanywa kwa asilimia. Mshindi huchukua asilimia 18 ya mfuko, wa pili karibu 11, na mgawo hushuka hivyo hadi mtu wa mwisho aliyepita mchujo. Mfuko ukikua mara tatu, anayemaliza wa thelathini naye mapato yake hukua mara tatu, hata kama uchezaji wake haukusogea hatua moja. Mwaka 1996 waliovuka dola milioni moja kwa zawadi za msimu hawakufika kumi. Mwaka 2008 walikuwa wapatao mia moja. Phil Mickelson, Ernie Els na Vijay Singh walipoteza mbele ya Woods mataji ambayo katika zama nyingine yangekuwa yao, na wakati huohuo wakapata utajiri ambao magwiji wa zama za Snead hawakuuota. Ni vigumu kupata mchezo mwingine ambamo aliyeshindwa alilipwa vizuri kiasi hicho na aliyemshinda.

Badiliko la pili lilikuwa katika ardhi yenyewe. Augusta National, klabu ya Georgia inayoandaa Masters kila mwaka, ilishuhudia mwaka 1997 jambo lililowasumbua wasimamizi wake. Shimo la 15 lilikuwa na urefu wa yadi 500, karibu mita 457, na lilichorwa ili mchezaji asimame kwenye mteremko baada ya mkwaju wa kwanza na kujiuliza kama athubutu kuvusha mpira juu ya bwawa lililo mbele ya eneo la shimo. Woods alilifikia kwa mkwaju mmoja mrefu na mwingine wa fimbo fupi, ile wanayoitumia wengine kwa umbali mdogo. Swali alilokusudia mchoraji halikuulizwa tena. Bwawa lilikuwa palepale, ila halikumtisha mtu mwenye fimbo ya namna ile mkononi.

Klabu ilijibu kwa kuchimba na kusogeza. Kabla ya Masters ya 2002 mashimo tisa yalibadilishwa na uwanja ukarefuka kwa yadi 285, kutoka 6,985 hadi 7,270. Shimo la 18 peke yake liliongezwa yadi 60. Mwaka 2006 urefu ulifika 7,445. Viwanja vingine vinavyoandaa mashindano makubwa vilifuata njia hiyohiyo, na waandishi wa gofu wakasema kwamba viwanja vinawekewa kinga dhidi ya Tiger.

Hoja ya kinga hiyo ilikuwa na kasoro tangu mwanzo. Uwanja ukirefushwa, anayeumia kwanza ni mwenye mkwaju mfupi. Mtu aliyekuwa akifika kwa fimbo ya wastani sasa hulazimika kutumia ndefu, ambayo mpira wake hutua chini chini na kukimbia mbali na shimo. Mwenye nguvu hushuka fimbo moja au mbili tu na bado mpira wake hutua kwa upole. Woods alishinda Masters ya 2002, ya kwanza baada ya marekebisho, kisha ya 2005. Hata hivyo uwanja haukuwa mali ya wenye nguvu peke yao. Mike Weir wa Kanada, ambaye hakuwa mmoja wa wapiga mbali, alishinda mwaka 2003. Zach Johnson alishinda 2007 katika wiki ya baridi na upepo kwa jumla ya mikwaju 289, moja zaidi ya kiwango cha uwanja, na katika mashimo yote marefu hakujaribu hata mara moja kufika kwa mikwaju miwili. Alipiga mpira wa pili hadi umbali anaoupenda, kisha akategemea usahihi wa fimbo zake fupi. Kilichopungua Augusta ni zile njia za ujasiri zilizokuwa zikimshawishi mchezaji wa kawaida ajaribu, na hasara hiyo ni ya watazamaji pia.

Sambamba na viwanja, vifaa navyo viligeuka, ingawa hapo bingwa alisukuma gari ambalo tayari lilikuwa linatembea. Mipira ya wachezaji wa kulipwa ilikuwa imetengenezwa kwa nyuzi za mpira zilizosokotwa kuzunguka kiini. Mei 2000 Woods alihamia mpira wenye kiini kigumu, na mwezi uliofuata akapata ule ushindi wa Pebble Beach. Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Titleist ilileta Pro V1, mpira wa aina hiyohiyo, na makumi ya wachezaji waliuchukua katika wiki yake ya kwanza. Wastani wa mkwaju mrefu katika PGA Tour, uliokuwa yadi 266 mwaka 1996, ulifika takriban 286 mwaka 2003. Mwili nao ukahesabiwa kuwa kifaa. Kijana aliyeona bingwa akinyanyua vyuma alijua kwamba kipaji cha mikono hakitamtosha, na kizazi kilichofuata, kikiwa na akina Rory McIlroy, kilikulia katika ukumbi wa mazoezi kama wanavyofanya wakimbiaji.

Kuhusu akili za wapinzani kuna ubishi ambao bado haujaisha. Mwanauchumi Jennifer Brown, katika utafiti uliochapishwa 2011, alilinganisha matokeo ya wachezaji wa juu katika mashindano ambayo Woods alishiriki na yale ambayo hakuwepo. Alikuta kwamba akiwepo walicheza vibaya kidogo, kwa takriban mkwaju 0.8 katika shindano zima. Maelezo yake ni ya kiuchumi: mtu anayeona zawadi ya kwanza imeshapata mwenyewe hupunguza juhudi. Tafiti za baadaye zilizorudia hesabu kwa njia nyingine zilitilia shaka matokeo hayo. Mfano wa Vijay Singh unakwenda kinyume na wazo la kukata tamaa, kwa kuwa alijulikana kwa saa ndefu za mazoezi na Septemba 2004 alimwondoa Woods katika nafasi ya kwanza ya orodha ya dunia. Lililo wazi ni kwamba hadi Agosti 2009 Woods hakuwa amepoteza hata taji kuu moja aliloongoza peke yake au kwa kugawana baada ya raundi tatu, mara 14 zote. Mkorea Y. E. Yang alivunja rekodi hiyo katika PGA Championship, kwenye uwanja wa Hazeltine, Minnesota.

Jambo moja halikubadilika kama lilivyotarajiwa. Chama cha PGA cha Marekani kilikuwa na kifungu cha katiba kilichoruhusu wazungu tu hadi 1961. Lee Elder alikuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kucheza Masters, mwaka 1975. Augusta National ilipokea mwanachama wake wa kwanza mweusi 1990. Ushindi wa 1997 ulionekana kufungua mlango, lakini wachezaji weusi wa PGA Tour wamebaki wachache. Sababu moja iko mbali na ushawishi wa bingwa yeyote. Elder na mchezaji mwenzake mweusi Charlie Sifford walijifunza gofu wakiwa vijana wa kubeba fimbo za wachezaji, na kazi hiyo ilipungua sana vigari vya gofu vilipoenea. Ngazi waliyopandia iliondolewa kabla ya Woods kuzaliwa au alipokuwa mdogo.

Gharama ya kumtegemea mtu mmoja ilionekana Woods alipokosekana. Baada ya kushinda US Open ya Juni 2008 akiwa na goti bovu alifanyiwa upasuaji, na idadi ya watazamaji wa televisheni ikaporomoka kwa miezi iliyobaki ya msimu. Hali hiyo ilijirudia kashfa ya maisha yake ya ndoa ilipolipuka mwishoni mwa 2009 na majeraha ya mgongo yalipofuata. Scottie Scheffler, aliyeshinda mashindano saba ya PGA Tour na medali ya dhahabu ya Olimpiki mwaka 2024, ametawala matokeo kwa kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu siku za Woods, lakini amefanya hivyo katika mchezo ambao tayari ulikuwa na fedha, urefu na mazoezi ya zama zilizomtangulia.

Mwaka 2021 PGA Tour ilianzisha mfuko wa dola milioni 40 wa kugawiwa wachezaji kumi wanaouvutia umma zaidi, bila kujali mikwaju yao. Februari ya mwaka huo Woods aliumia vibaya mguu katika ajali ya gari, na hakucheza shindano rasmi hata moja la Tour hadi mwaka ulipokwisha. Orodha ya kwanza ya mfuko huo ilipotoka alikuwa juu yake, na akalipwa dola milioni 8.