Kasa wa Katuma na Elimu ya Tope Kavu

Mwanafunzi mmoja wa sekondari mjini Mpanda ameniletea barua yenye masuala mawili, na kwa kuwa jawabu la pili limo ndani ya jawabu la kwanza, nitayajibu pamoja. Anauliza, kwanza, wale kasa wadogo anaowaona kila masika katika madimbwi ya Mto Katuma huenda wapi mto unapokauka hata viboko wakabanana topeni kule Ikuu na Sitalike. Na pili, je, mtu aweza kuifanya kazi ya kuwasoma na kuwahifadhi viumbe hao kuwa kazi ya maisha yake, akala na akavaa kwayo?

Sitapoteza wasaa kwa kupambanua kobe na kasa, wala kwa kuhesabu vipande vya gamba, mambo ambayo vitabu vya biolojia vinayo tele. Yatosha kusema kwamba wakaao katika mabwawa na mito yetu aghalabu ni wa jamii mbili, Pelomedusa na Pelusios, ambao hawaingizi shingo ndani kama afanyavyo kobe wa nchi kavu, bali huikunja ubavuni chini ya ukingo wa gamba. Mpindue mmoja nawe utamjua mara: Pelusios ana bawaba katika gamba la tumbo, akiisha kuficha kichwa huufunga mlango, Pelomedusa hana bawaba, lakini ana tezi zitoazo uvundo wa kumfukuza adui, na chini ya kidevu ana sharubu mbili fupi.

Huenda wapi? Wengine hutembea kuyafuata maji yaliyosalia, na wengine hawaendi popote. Tope lingali laini, hujichimbia humo, na jua likalikausha juu yao, wakakaa hivyo mpaka mvua za Novemba zilainishe nchi. Hali hiyo wengi huiita usingizi wa kiangazi, nami sijaridhika, maana alalaye huamka kwa kelele au kwa njaa, ilhali huyu amejitenga kwa makusudi, amepunguza chakula, mwendo na hata mapigo ya moyo, akingoja wakati wake. Kwa hiyo naona afadhali tuiite itikafu ya kiangazi.

Hapo ndipo penye ajabu ambayo kwayo naomba msomaji aniwie radhi nikikawia. Kiumbe aliyefungiwa mahali pasipo maji wala hewa ya kutosha ana madeni mawili. Deni la maji hulilipa kwa akiba ya kibofu, na kwa kuiacha urea irundikane mwilini badala ya kuitoa kwa mkojo. Deni la hewa ni zito zaidi, kwa sababu mwili ukosapo oksijeni hujitengenezea nguvu kwa njia ya dharura iachayo asidi laktiki, na asidi hiyo ikizidi katika damu moyo husimama. Donald Jackson, mwanafiziolojia wa Chuo Kikuu cha Brown huko Marekani, alitumia miaka mingi ya umri wake kulichunguza jambo hili kwa kasa wa Amerika Kaskazini aitwaye Chrysemys picta, ambaye hukaa chini ya barafu majira yote ya baridi. Katika maji ya nyuzi 3 za Selsiasi, yasiyo na oksijeni hata chembe, kasa huyo aliishi zaidi ya miezi 3, na siri yake ilikuwa katika gamba.

Tuseme pana nyumba katika nchi ya ukame ambayo mwenyewe aliijenga, si kwa udongo, bali kwa matofali ya magadi. Njaa ikaingia, mlango ukafungwa, na chakula kilichosalia ghalani ni kichachu kiasi cha kuyaunguza matumbo ya watu wa nyumbani. Kila jioni bibi wa nyumba hukwangua ukuta kidogo, akauchanganya unga ule katika chungu, uchachu ukapoa na watu wakala wasidhurike. Fauka ya hayo, kile kichachu kisichopoa chunguni huchukuliwa kikashindiliwa katika vitundu vile vile vilivyokwanguliwa, kikafungwa humo kisimdhuru mtu. Miezi ikapita, nyumba isianguke, kwa maana kuta zilikuwa nene tangu awali. Na siku mlango ulipofunguliwa, kile kichachu kikatolewa, kikaliwa kidogo kidogo, na kuta zikajengwa upya. Ndivyo ilivyo hasa kwa kasa: gamba lake huachia kabonati za kalsiamu na magnesiamu zikaizima asidi katika damu, na papo hapo karibu nusu ya laktati yote ya mwilini huingia katika gamba lenyewe ikahifadhiwa humo. Tuliambiwa gamba ni ngao ya kumzuia fisi na mamba. Kumbe ni duka la dawa pia. Kweli, kasa wa Katuma yumo katika tope la joto, na nyufa zake hupitisha hewa, kwa hiyo kiasi hakiwi kile kile. Lakini malighafi ni ile ile.

Sasa kazi. Arthur Loveridge, Mwingereza aliyekuja Nairobi mwaka 1914 kutunza makumbusho, kisha akatumika katika idara ya wanyamapori ya Tanganyika kabla ya kwenda Harvard mwaka 1924, ndiye aliyewapanga kasa wa Afrika katika tasnifu zake za 1941 na 1957. Hii ya pili aliiandika pamoja na Ernest Williams. Mwaka 1958 Williams huyo huyo alimtambua kasa mdogo wa vinamasi vya Perth, Australia, aliyekuwa amesahauliwa tangu kuelezwa mwaka 1901, na ambaye alidhihiri tena mwaka 1953 kwa kuwa mwanafunzi mmoja alimpeleka katika onyesho la wanyama. Namwomba aliyeniandikia aisome sentensi hiyo mara mbili.

Kasa yule naye hukaa itikafu vinamasi vikikauka, na kufikia mwaka 1987 jumla yao, wa mwituni na wa kufugwa, hawakufika 50, na wale wa kufugwa walikuwa wameacha kutaga. Gerald Kuchling, mtaalamu kutoka Austria, alifika Perth mwaka huo, akawapima majike kwa mashine ya mawimbi ya sauti, ile itumikayo kwa mama wajawazito, ili aone mayai yanavyokua ndani ya gamba pasipo kumdhuru mnyama. Kwa kazi hiyo na ya wenzake katika bustani ya wanyama ya Perth, mamia wamezaliwa na kurudishwa vinamasini. Naye hakuondoka, aliushika mradi ule kwa miongo. Hiyo ndiyo sura ya kazi hii: jike hutaga mayai 3 hadi 5 kwa mwaka, na mtoto huchukua miaka 10 au zaidi kukomaa, basi asiye na subira asiingie.

Kwetu wapo wa kuwatetea. Yupo Cycloderma frenatum, kasa wa gamba laini wa Rufiji, Ruvuma na Ziwa Nyasa, aliyekwisha kuandikwa katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Kasa wa Katuma hawajafikia hapo, lakini mto wao umepungua kwa maji kuchotwa huko juu kwa ajili ya mashamba ya mpunga, na mtu akilinda bwawa akaisahau nchi kavu iliyo kando yake, amelinda nusu ya maisha yao.

Basi kijana wangu, shika biolojia na kemia pamoja, maana umeona kwamba gamba halieleweki bila kemia. Kisha milango iko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo cha wanyamapori cha Mweka, na Chuo Kikuu cha Sokoine, ambacho kina kampasi ya Mizengo Pinda hapo hapo mkoani kwenu. Usimkamate kasa wala kumfuga, kwani Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 yakataza kufanya hivyo bila kibali. Waombe wakulima kwamba jembe likimfukua mmoja wakati wa kiangazi, wamrudishe katika shimo lile lile na kumfunika. Na mvua za kwanza zikinyesha mwaka huu, nenda ukingoni na daftari, uandike tarehe, mahali, na idadi ya waliotoka.