Kazi Tano za Sufuria Moja

Maskati, mlo mkubwa ni wa mchana. Ofisi nyingi za serikali, zikiwamo za wizara zilizopangana hapa Al Khuwair, hutoka mapema alasiri, na familia hukutana kwenye sinia la wali. Chakula cha usiku ndicho kinachoachwa bila mpango. Kuanzia Jumapili hadi Alhamisi, baada ya Isha, mama au baba hufungua friji na kukuta bakuli la wali wa mchana, vitunguu viwili na nusu ya ndimu, huku watoto wana shule asubuhi. Wengi hapo huchukua simu na kuagiza. Naamini nyumba nyingi kati ya hizo zina mlo kamili tayari, ila umetawanyika kabatini na unasubiri mtu wa kuukusanya.

Kupika kwa kilichopo kuna kanuni zake, na kanuni hizo hufundishika. Mlo wetu wa pwani, uwe wa kifahari au wa kawaida, una kazi tano. Kuna kinachoshibisha: wali, muhogo, ndizi, mkate. Kuna kitoweo: samaki, nyama, mayai, adesi, choroko. Kuna kinachoupa mchuzi uzito: tui, nyanya, au adesi zilizovurugika. Kuna uchachu. Na kuna harufu ya viungo. Kimoja kikikosekana, tafuta kingine chenye kazi ile ile. Jina la chakula huenda likabadilika, lakini watu watakula na watashiba.

Nazi mbali na minazi

Wazee wetu waliokuja kutoka Unguja, Pemba na Mombasa, wengine baada ya mapinduzi ya Januari 1964 na wengi zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka Julai 1970, walileta mapishi ya nazi Maskati, mji usiokuwa na mashamba ya minazi. Minazi ya Oman iko Salala, Dhofar, kilomita elfu moja hivi kusini. Wanaotufaa leo ni majirani. Maduka mengi madogo ya mitaani yanaendeshwa na watu wa Kerala, pwani ya India, na wao pia jikoni mwao hawaachi nazi, ukwaju, muhogo wala ndizi mbichi. Kwa hiyo nazi iliyokunwa na kugandishwa, muhogo uliokwisha menywa na tui la unga hupatikana hatua chache kutoka mlangoni. Ukiwa na pakiti moja ya kila kimoja, shibe na uzito wa mchuzi havikusumbui wiki nzima.

Kitoweo bila kwenda sokoni

Kila mwaka Oman husimamisha uvuvi wa nguru kuanzia tarehe 15 Agosti hadi 15 Oktoba ili samaki huyo apate kuzaliana. Kipindi hicho ndipo thamani ya papa mkavu inapoonekana. Waomani wa bara wanamjua kwa jina la awali, sisi tunamjua kwa mchuzi wake wa nazi, na anakaa kabatini miezi.

Wanaomwogopa huogopa harufu. Papa ana urea nyingi mwilini. Akishakufa, bakteria huigeuza kuwa amonia, na hiyo ndiyo inayochoma pua. Dawa yake ni asidi. Ndimu au ukwaju hukutana na amonia na kuifanya isiruke tena hewani, na harufu hutulia. Mroweke kwa maji ya moto, mkwangue ngozi na mchanga, mwage maji hayo, mchambue, kisha mkamulie ndimu kabla hajaingia kwenye mchuzi. Chumvi usitie mpaka umeonja, kwa sababu anakuja nayo.

Kama hakuna papa, tazama mbegu za jamii ya kunde, lakini zijue saa zake. Adesi nyekundu zilizopasuliwa huiva kwa dakika 15 hadi 20 bila kurowekwa. Hizo ni za usiku wa leo. Choroko hutaka nusu saa na zaidi, na zikipikwa pamoja na mchele unapata mseto, mlo wa sufuria moja unaowatosha watoto na wazee. Maharage mekundu makavu yaache kwa siku nyingine. Yana sumu ya asili, na lazima yarowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kuendelea kuiva. Ya kopo yamekwisha pikwa, hayo unaweza kuyatumia papo hapo.

Uchachu, na kwa nini tui hukatika

Mchuzi ukiwa mzito na una viungo vyote lakini haunogi, mara nyingi kinachokosekana ni uchachu. Oman imetupa ndimu kavu: ndimu zilizochemshwa kwa maji ya chumvi kisha zikaanikwa juani mpaka zikawa nyepesi na nyeusi ndani. Haziozi, na moja inatosha sufuria ya watu wanne. Itoboe matundu mawili matatu na uitie mapema, ipate kutoa ladha. Ukiivunja, toa kokwa, maana ndizo zenye uchungu. Ukiikosa, tumia ukwaju, embe mbichi, au hata maziwa ya mgando.

Uchachu na tui vinahitaji uangalifu vikikutana. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini. Moto mkali na asidi huzikunja protini hizo, mafuta yakajitenga, na mchuzi ukaonekana umekatika. Bado unalika, ila ule ulaini umepotea. Ndiyo maana bibi zetu walipikia tui jepesi, wakaliweka tui zito mwisho. Kwa tui la unga fanya vivyo hivyo: nyanya, ndimu kavu na kitoweo kwanza, tui baadaye, moto mdogo, koroga, na usifunike.

Wali wa mchana

Wali uliobaki ni msaada mkubwa kwa mpishi wa usiku, lakini hapa sina budi kuonya. Mchele huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, na mbegu zake hazifi kwa maji yanayochemka. Wali ukikaa juu ya meza kuanzia mchana hadi usiku, kwenye mji ambao joto la Juni hupita nyuzi 40, mbegu hizo huamka, bakteria huongezeka na kutoa sumu. Kuupasha wali moto hakuiondoi sumu hiyo. Mkimaliza kula mchana, utandazeni uliobaki kwenye sinia upoe haraka, na ndani ya saa moja uwe kwenye friji. Uliwe siku hiyo au kesho yake, na upashwe mara moja tu, mpaka utoe mvuke.

Mfano wa usiku mmoja

Tuseme una vikombe vinne vya wali wa mchana na makopo mawili ya jodari. Kaanga vitunguu viwili taratibu mpaka viwe vya kahawia. Usivikimbize, maana nusu ya ladha imo humo. Tia punje tatu za thomu iliyopondwa, nusu kijiko cha chai cha uzile na manjano kidogo, na ukisikia harufu imepanda tia nyanya mbili zilizokatwa. Zikilainika na mafuta kuanza kuonekana pembeni, tia kikombe cha maji na ndimu kavu iliyotobolewa. Acha ichemke dakika 10. Koroga vijiko vinne vya chakula vya tui la unga katika nusu kikombe cha maji ya vuguvugu, mimina, punguza moto. Jodari aingie mwisho kabisa, kwa kuwa ameshaiva kwenye kopo na ukimpika tena atakuwa mkavu mwenye nyuzinyuzi. Wali unapashwa pembeni. Kwa nusu saa mmekaa kula.

Sasa badilisha. Jodari hakuna? Vunjia mayai manne ndani ya mchuzi, funika mpaka yashike. Tui limekwisha? Adesi kikombe kimoja zitaupa mchuzi uzito na kuwa kitoweo kwa pamoja. Wali umeliwa wote? Vuruga unga wa ngano, yai na maji, upike mikate ya maji kwenye kikaango huku mchuzi ukichemka.

Nashauri kila nyumba iandike kazi hizo tano kwenye karatasi, ibandike ndani ya mlango wa kabati, na chini ya kila kazi iorodheshe vitu viwili visivyokosekana. Kisha wapeni watoto zamu ya kuchagua, wa kike na wa kiume sawasawa. Wazee waliofika hapa wakakuta ndimu kavu mahali pa embe mbichi walipika kwa elimu hii hii, na kijana wetu atakayekwenda kusoma nchi za mbali ataihitaji vilevile, kwa sababu maduka ya huko hayatakuwa na kila alichozoea.