Baridi, kuku na mbabula: tengenezeni kibanda mapema



Mwezi wa tano ukifika, kila mtu wa Katanga anajua kinachokuja. Mvua imekwisha, upepo wa kusini-mashariki unaanza kupiga, na usiku mbingu haina wingu la kuzuia joto la mchana lisiondoke. Tena miji yetu iko juu. Lubumbashi iko karibu metre 1.200 juu ya bahari, Kolwezi imepita metre 1.400. Ndiyo sababu mwezi wa sita na wa saba mtu anayetoka kazi ya usiku anaona pumzi yake kama moshi.

Wakati huo wenye kuku wanaanza kuwa na wasiwasi, na wengine wanafanya kosa moja kubwa: wanawawekea kuku mbabula.

Mambo yaliyotokea

Mwaka mmoja, katika mwezi wa saba, saa kumi na moja za alfajiri, mfanyakazi mmoja alileta kwetu dispensari mke wake na watoto wawili. Mama alikuwa amenunua vifaranga 40. Kwa kuogopa baridi, aliwatia ndani ya katoni, akaiweka katika chumba walimolala watoto, akaingiza mbabula yenye makala mekundu, akafunga mlango na kuziba ufa wa chini kwa kitambaa. Baba aliporudi kutoka kazini aligonga bila kujibiwa. Akasukuma mlango, akawavuta nje mmoja mmoja.

Wale watatu walipona, kwa sababu baba alifika kwa wakati na hospitali ilikuwa na oksijeni. Vifaranga 40 walikuwa wamekufa wote.

Ni nini iliyowaua?

Si baridi, wala si moshi. Ni gesi inayoitwa kaboni monoksidi. Makala yakiwaka mahali pasipo hewa ya kutosha yanaitoa kwa wingi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Makala mekundu yasiyotoa moshi yanamdanganya mtu akafikiri hatari imekwisha, kumbe gesi inaendelea kutoka. Beseni la maji karibu ya mbabula halisaidii kitu.

Katika damu yetu kuna kitu chekundu kinachobeba oksijeni. Gesi hii inakishika kwa nguvu inayopita ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Basi mtu anavuta pumzi, lakini mwili wake unakosa hewa. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea, na usingizi mzito. Aliyekwisha kulala haamki.

Ninyi watu wa mgodi mnajua habari ya hewa mbaya. Katika migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji walikuwa wakishuka na ndege mdogo ndani ya kizimba mpaka mwaka 1986, mashine zilipochukua nafasi yake. Ndege anavuta hewa upesi, kwa hiyo anaanguka kabla ya mtu. Akianguka, wote wanatoka. Vifaranga wa yule mama walianguka vilevile, lakini hakuna aliyekuwa macho kuwaona.

Kuku mkubwa hahitaji moto

Mwili wa kuku una joto la digrii 41 hivi, na manyoya yake ni blanketi. Baridi yetu haimuui akiwa mkavu, ameshiba, na hapigwi na upepo. Kinachomdhuru ni unyevu na upepo unaopita kwake usiku kucha. Kwa hiyo, kabla ya mwezi wa sita:

1. Zibeni upande wa kusini na wa mashariki mwa kibanda kwa matofali, mbao au magunia mazito. Upande wa kaskazini wekeni waya wa wavu, maana katika miezi hii jua letu linapita kaskazini na litaingia ndani kukausha.

2. Msizibe kila mahali. Acheni nafasi ya hewa chini ya manjanja, juu ya vichwa vya kuku. Kibanda kikifungwa kabisa, jasho la pumzi linalowesha manyoya, na hewa kali ya mavi inachoma mapafu. Ukiinama ndani asubuhi na macho yakakuwasha, hewa haitoshi.

3. Wekeni fito za kulalia, juu ya ardhi, kila kuku apate sentimetre 20 hivi. Msipite kuku 4 au 5 kwa metre moja ya mraba.

4. Tandikeni chini maranda ya seremala au majani makavu, unene wa kiganja cha mkono. Yakilowa, toeni.

5. Jioni, kabla ya kulala, wapeni mahindi. Tumbo lililojaa ndilo moto wao wa usiku. Asubuhi wapeni maji safi, hata kama hawaonekani kuwa na kiu.

Na vifaranga?

Hawa ndio wanaohitaji joto, kwa sababu hawana manyoya ya kweli. Juma la kwanza wanataka digrii 32 mpaka 35, kisha joto linapunguzwa kidogo kila juma mpaka manyoya yaote. Mlezi bora ni mama kuku mwenyewe. Kama hayupo, pasheni matofali mawili juu ya mbabula huko nje, yafungeni ndani ya gunia nene, myatie katika katoni. Chupa za maji ya moto zilizofungwa kitambaa zinafaa pia. Yakipoa, badilisheni. Wakijikusanya pamoja na kulia, wanasikia baridi. Wakikimbilia pembeni na kufungua midomo, joto limezidi.

Kama mnatumia taa ya umeme, waya uwe mzima, bila kiungo cha kufungwa kwa kitambaa, na taa ining'inizwe mbali na majani makavu. Vibanda vingi vinaungua kwa njia hiyo.

Vifaranga wasilale chumba kimoja na watoto, hata bila moto. Mavi ya kuku yanaleta ugonjwa wa kuhara. Kila anayewashika anawe mikono kwa sabuni.

Tusilaumu baridi kwa kila kifo

Kuku wakifa wengi kwa siku chache, wakiharisha kijani, wakihema na kupinda shingo, huo ni ugonjwa wa Newcastle. Hauna dawa ya kuuponya, una chanjo ya kuuzuia: tone moja katika jicho, na kurudia kila miezi 3 au 4. Chupa moja ni ya kuku wengi na haikai ikiisha kuchanganywa. Basi majirani wapatane, wachanje siku moja. Waliokufa wazikwe shimo refu. Msiwale, msiwauze. Mwarifuni mganga wa mifugo.

Ukimkuta mtu amelala na mbabula

Fungua mlango na madirisha, mtoe nje upesi, wala usikae ndani. Akipumua, mlaze ubavu. Asipopumua, mpulizie pumzi mdomoni na kuita msaada. Usimnyweshe maziwa wala mafuta. Wote waliokuwa chumbani waende hospitali, hata anayesema amepona.

Kazini tunavaa kofia ya chuma bila kubishana. Nyumbani kofia yetu ni sheria moja: mbabula inabaki nje, kwa ajili ya kuku na kwa ajili ya watu. Kuku hununuliwa tena sokoni. Mtoto, hapana.