Kasha la Barafu na Nafasi ya Ngama

Gasorwe iko mbali na maji makubwa kiasi kwamba mtu aweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka katika vilima vyake pasipo kuona mashua hata moja. Walakini tangu mwaka 2002, ilipofunguliwa hapa kambi ya wakimbizi wa Kikongo, wamekaa miongoni mwetu watu wa Uvira, wa Fizi na wa Baraka, waliolelewa ukingoni mwa ziwa Tanganyika, nao wakipata nafasi ya kukaa barazani huzungumza habari za vyombo kwa ujuzi ule ule ambao sisi wa Muyinga huzungumzia kahawa na ndizi. Katika mazungumzo hayo huzuka mara kwa mara mas'ala moja, ambayo kwa mtu wa bara huonekana ndogo, ilhali kwa mwenye chombo ni mas'ala ya riziki: mashua iliyojengewa kasha la barafu kati ya mataruma yake, je, mwenyewe afanya vema kuling'oa ili apate mahali pa shehena, ama aliache lilivyo?

Tuanze na hesabu, maadamu aghalabu ya wanaobishana juu ya jambo hili hubishana bila ya kipimo. Chukua kasha lenye urefu wa sentimita 120, upana wa 80 na kimo cha 70, na kuta zake, pamoja na kitako na kifuniko, ziwe na unene wa sentimita 10, kama inavyopasa katika nchi zetu za joto. Kwa nje kasha hilo limekula lita 672 za ngama, yaani tumbo la chombo linalobeba shehena. Kwa ndani limebakiwa na lita 300 tu, maana zaidi ya nusu ya kitu chote ni ukuta. Tena katika zile 300 si zote za samaki, kwa kuwa kanuni ya wavuvi wa nchi za joto ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki, na barafu iliyopondwa hujaza mahali pengi kuliko uzito wake. Mwenye mashua, basi, ametoa lita 672 za chombo chake ili apakie samaki wasiofika robo ya kiasi hicho. Huo ni ushuru mkubwa, wala hauna haki ila pale ambapo samaki wangeoza bila ya kuutoa.

Na wapo ambao wangeoza. Katika ziwa Victoria, tangu viwanda vya minofu ya sangara vilipoenea Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja, mashua za kukusanya samaki hukaa siku kadhaa zikizunguka visiwani kabla ya kurudi kiwandani, na mtu atakayeng'oa kasha katika mashua ya namna hiyo amejinyang'anya kazi kwa mkono wake. Kadhalika wavuvi wa pwani wanaolala kwenye miamba ya mbali hawawezi kuishi bila ya barafu. Hata wafanyabiashara wa Boston, walipopeleka barafu ya maziwa yao Calcutta mwaka 1833 kwa meli iitwayo Tuscany, waliigeuza ngama nzima kuwa kasha. Na baada ya safari ya miezi minne, katika tani 180 zilizopakiwa, tani kama 100 zilifika zingali barafu. Safari ilikuwa ndefu, ikastahili kutolewa meli nzima.

Tanganyika, kwa upande wetu wa Burundi, ni habari nyingine. Uvuvi wa ndagala, yaani dagaa, na wa samaki aitwaye mukeke ni uvuvi wa usiku: vyombo hutoka jua likichwa, taa huwashwa juu ya maji ili samaki wakusanyike, wavu huvutwa, na alfajiri mzigo umekwisha kushushwa Rumonge au Nyanza-Lac. Saa za samaki ndani ya mashua ni chache, na za usiku, zenye baridi yake. Saa zinazomharibu samaki ziko barabarani. Mukeke aliyevuliwa usiku, akitaka kufika Muyinga akiwa mbichi, hana budi kupanda kutoka ziwa lililo kwenye mita 770 na kitu juu ya usawa wa bahari hadi kwenye safu ya milima inayopita mita 2,000, kisha ashuke kwa njia ya Kayanza na Ngozi, katika lori ambalo huenda likangoja mafuta siku nzima kabla ya kuondoka. Ndiyo maana sokoni kwetu ndagala huja wakavu, na mukeke mbichi ni habari inayosimuliwa. Kwa hiyo naona, nami sisiti kulisema, kwamba kasha la barafu katika mashua nyingi za upande huu limewekwa mahali pasipo pake: limefuata desturi ya maziwa mengine, halikufuata saa za ziwa hili.

Lakini kukubali kwamba liondoke si ruhusa ya kulivamia kwa shoka. Fundi mwenye hekima hutazama kwanza jinsi lilivyofungwa. Ikiwa chombo ni cha mbao, na kuta za kasha zimepigiliwa misumari katika mataruma, huenda mjenzi alizitegemea zishike ubavu wa chombo, na anayeziondoa ni lazima arudishe boriti ya kukingama mahali pake. Ikiwa chombo ni cha faibaglasi, kasha huwa limegandishwa na sitaha na ubavu kuwa kitu kimoja. Hapo fundi huacha ukingo wa upana wa kiganja kuzunguka pande zote, na kukata ndani yake tu.

Kisha hufuata jambo linalofichwa na kila kasha la zamani. Barafu huyeyuka, maji yake hupenya katika nyufa, na lile povu gumu lililojazwa kati ya kuta, ambalo likiwa kavu ni jepesi kupita mbao, hunywa maji mwaka baada ya mwaka mpaka likawa mzigo. Mbao zilizo nyuma yake hazipati hewa wala jua. Baharini chumvi huzisaidia kidogo, kwa kuwa ubao uliolowa maji ya chumvi hauozi upesi. Ziwani hakuna rehema hiyo, na maji ya barafu ni maji baridi yasiyo na chumvi hata baharini. Basi asishangae mtu akikuta taruma linalobonyea kwa kidole. Afadhali alijue leo bandarini. Tundu la kutolea maji, ikiwa limetobolewa hadi nje ya ubavu, halizibwi kwa kitambaa na lami. Huchongewa kipande cha mti wa namna ile ile, kikatiwa kalafati kama ubao mwingine wowote. Na lile povu lisichomwe moto ufukoni, maana moshi wake una sumu ya kuua, wala lisitupwe majini.

Jambo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, nalo ni la roho za watu. Zile lita 372 za ukuta, zikiwa kavu, zilikuwa zikibeba mashua bila ya kushukuriwa: chombo kikijaa maji, povu hilo lingelikishikilia kwa nguvu ya kilo zaidi ya 300. Likiondoka, nguvu hiyo imeondoka nalo. Wavuvi wasio na fedha za kununua povu jipya hufunga madumu matupu ya lita 20, yaliyozibwa barabara, chini ya mabenchi na kwenye omo na tezi. Madumu 16 hadi 18 hurudisha karibu yote yaliyopotea, ila yafungwe kwa kamba ya kweli, kwa sababu dumu lililolegea huelea peke yake na kumwacha mwenyewe. Fauka ya hayo, kasha lililojaa lilikuwa farumi, uzito uliokaa chini. Mahali pake pakiachwa patupu huku magunia yakirundikwa juu, mizani ya chombo imeharibika, na watu wa maziwa yetu hawahitaji kuelezwa maana yake, kwani meli MV Bukoba ilipopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996, ikiwa imepakia kupita kiasi, ilizama na mamia ya watu. Shehena mpya, basi, ishuke ngamani hasa, na iliyo nzito itangulie.

Na shehena haikosi. Katika zile siku za mbalamwezi, ambazo taa za wavuvi hushindwa na mwezi na vyombo hupumzika, mashua yenye ngama tupu yaweza kuchukua mawese ya Rumonge, saruji, maharagwe na magunia ya ndagala wakavu, ambao kilo yao moja ilikuwa mbichi kilo tatu au nne, na kwa hiyo hupendeza sana katika hesabu ya nafasi.

Ama kasha lenyewe, likitolewa zima, halijafa. Likaushwe, litiwe ukuta mpya, lifungwe nyuma ya lori linaloondoka Rumonge alfajiri, na barafu itengenezwe huko huko ufukoni siku ambazo umeme upo. Wenyeji wa Fizi walioko hapa husema wako tayari kumlipia mukeke mbichi bei ambayo mchuuzi wa Muyinga bado hajathubutu kuitaja.