Seva Isipotekeleza Skripti

Seva ya wavuti ni kompyuta, pamoja na programu iliyomo ndani yake, ambayo kazi yake ni kupokea maombi kutoka kwa kompyuta nyingine na kuyajibu. Tim Berners-Lee alipounda seva ya kwanza ya namna hii mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, kazi ya msingi ilikuwa nyepesi: ukurasa uliombwa, ukatafutwa, ukapelekwa kama ulivyo.

Baadaye ilionekana kwamba kurasa zilizokwisha andikwa hazitoshi. Mwanafunzi anayetafuta matokeo yake ya mtihani hahitaji matokeo ya nchi nzima. Ahitaji yake peke yake, na ukurasa huo hauna budi kutengenezwa wakati ule ule anapouomba. Kazi hiyo hufanywa na skripti, yaani maandishi ya amri ambazo kompyuta huzifuata moja baada ya nyingine. Mwaka 1993 wataalamu wa kituo cha NCSA, katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliweka utaratibu uitwao CGI, ambao huiwezesha seva kuita skripti na kupokea jibu lake. Njia nyingine zimezuka tangu hapo, lakini utaratibu huo ungali ukitumika, na kwa kuwa hatua zake ni wazi, wafaa sana kufundishia.

Ili skripti ifanye kazi, mambo matano hayana budi kutimia. Kwanza, seva ilione faili la skripti. Pili, itambue kwamba faili hilo ni la kutekelezwa, wala si la kusomwa tu. Tatu, iwe na ruhusa ya kulitekeleza. Nne, apatikane mkalimani, yaani programu inayoielewa lugha ya skripti, kama vile Perl au Python. Tano, skripti itoe jibu katika umbo ambalo seva hulielewa. Mambo haya ni kama pete za mnyororo: moja ikikatika, kazi yote husimama. Kazi ya fundi ni kuitafuta pete iliyokatika.

Dalili humwonyesha pa kuanzia. Namba 404 ina maana kwamba seva haikuona kitu mahali ilipoelekezwa. Namba 403 ina maana kwamba imekatazwa, ama na mipango yake yenyewe, ama na ruhusa za faili. Namba 500 huonyesha kwamba seva ilijaribu kuita skripti lakini haikupata jibu la kufaa. Namba hizi huonyesha upande tu. Maelezo kamili huandikwa na seva katika faili lake la makosa, na fundi mwenye busara hulisoma hilo kabla ya kugusa chochote.

Iko dalili moja isiyo na namba yoyote, nayo ni ya hatari kuliko zote: maandishi ya skripti yenyewe kutokea kwenye kioo cha msomaji. Hapo pete ya pili imekatika. Seva imeidhani skripti kuwa ukurasa wa kawaida. Ikiwa ndani yake mna neno la siri la kufungulia hifadhidata, neno hilo limekwisha tangazwa kwa kila aliyefungua ukurasa. Faili hilo liondolewe mara moja, na neno la siri libadilishwe hata baada ya hitilafu kurekebishwa.

Ruhusa nazo huhesabiwa kwa namba. Katika mitambo ya jamii ya Unix, kusoma ni 4, kuandika ni 2, na kutekeleza ni 1. Namba 755 humpa mwenye faili 4+2+1, yaani yote matatu; kundi lake na watu wengine hupewa 4+1, yaani kusoma na kutekeleza tu. Wengi wakishindwa huandika 777. Dawa hiyo ni mbaya kuliko ugonjwa, kwa kuwa kila mtumiaji wa kompyuta ile aweza sasa kuibadilisha skripti apendavyo. Seva nyingine zenye ulinzi mkali hukataa kabisa kutekeleza skripti ya namna hiyo.

Mkalimani hutajwa katika mstari wa kwanza wa skripti, baada ya alama #!. Hapa hutokea kosa linalowasumbua wengi. Kompyuta za Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili zisizoonekana, namba 13 na namba 10. Mitambo ya Unix hutumia namba 10 peke yake. Skripti ikihamishwa bila kubadilishwa, alama 13 huungana na jina la mkalimani, na kompyuta hutangaza kwamba hakuna programu yenye jina hilo, ingawa macho ya fundi hayaoni kasoro yoyote.

Pete ya tano huhitaji skripti itaje kwanza aina ya jibu, kwa mfano Content-Type: text/html, kisha iache mstari mmoja mtupu kabla ya kuendelea. Mstari huo ukisahauliwa, hutokea namba 500.

Njia bora ya upimaji ni kuandika skripti fupi isiyofanya lolote ila kutoa salamu, na kuiweka mahali pale pale, kwa ruhusa zile zile na mkalimani yule yule. Ikifanya kazi, pete nne za kwanza ni nzima, na hitilafu itafutwe ndani ya skripti kubwa. Isipofanya kazi, pete zikaguliwe kwa zamu, badiliko moja kwa wakati mmoja, na matokeo yaandikwe. Abadilishaye mambo matano kwa pamoja aweza kufanikiwa, lakini hatajua ni lipi lililoponya, na hitilafu ikirudi ataanza upya.